Waya Huuzwa kwa Mita, Shaba Huuzwa kwa Kilo

Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji, wapagazi walibeba nguo, shanga na masango, ule waya mnene wa shaba nyekundu au ya njano. Masango yalinunuliwa Unguja kwa frasila, kipimo cha uzito cha wakati huo, na yakifika bara yalizungushwa yakawa vitindi vya mikononi na miguuni. Henry Morton Stanley, aliyepita njia hiyo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu.

Tangu hapo waya umepata kazi nyingine nyingi, lakini ile tabia ya kuwa pesa haijautoka. Mwenye kiwanda cha nyaya hununua shaba kwa uzito, kwa bei inayopangwa na soko la metali la London, ambayo Mei 2024 ilipita dola 10,000 za Marekani kwa tani. Mwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo hukuuzia kwa mita au kwa rola. Mwizi naye akishaukata waya nguzoni huupeleka kwenye mizani ya chuma chakavu, ukarudi kuwa kilo. Mambo mengi tunayoyalalamikia kuhusu umeme wa majumbani na wa mitaani, kuanzia soketi zinazoungua hadi minara inayoanguka, yamo katika nafasi hiyo iliyopo kati ya mita na kilo. Ndiyo maana mtu akiuliza waya gani unafaa kazi gani, mimi huanza na bei ya shaba.

Umeme hupita katika metali yoyote, ila haupiti sawasawa. Fedha ndiyo ya kwanza, shaba inaifuata kwa karibu sana, kisha dhahabu, kisha alumini. Chuma kiko mbali nyuma: upinzani wake kwa umeme ni karibu mara sita ya ule wa shaba. Fedha haitumiki kwenye nyaya za kawaida kwa sababu moja tu, gharama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilipokuwa na uhaba wa shaba, watengenezaji wa bomu la atomiki walikopa hazina ya serikali zaidi ya tani 13,000 za fedha, wakaifanya mikanda ya sumaku za mitambo ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Mitambo ilifanya kazi vizuri kabisa, na fedha yenyewe ilirudishwa hazina baadaye. Kwa hiyo shaba haikuchaguliwa kwa kuwa bora kuliko zote. Ilichaguliwa kwa kuwa inakaribia ubora huo na inanunulika.

Sifa yake nyingine ni ulaini. Kiwandani huanza na ufito wa shaba wenye kipenyo cha milimita 8 hivi, ukavutwa kupita katika tundu gumu lililo dogo kidogo kuliko wenyewe, kisha tundu jingine dogo zaidi, na jingine, mpaka ufikie unene unaotakiwa. Kuvutwa huko huifanya shaba iwe ngumu na kukatika upesi, hivyo hupashwa moto ili ilainike. Nyuzi kadhaa husokotwa pamoja, na juu yake hupakwa ganda la plastiki. Usafi ni jambo kubwa hapa. Shaba ya umeme inatakiwa iwe safi kwa asilimia 99.9, kwa maana uchafu mdogo tu wa fosforasi au wa chuma huongeza upinzani. Shaba iliyoyeyushwa kutoka kwenye chakavu bila kusafishwa inaweza kung'aa kama mpya, ikafungwa rola, ikauzwa, na bado isiwe shaba inayostahili kubeba umeme wa nyumba.

Sasa tuingie ukutani. Nyaya za nyumba hutajwa kwa eneo la metali inayoonekana ukiukata waya: moja na nusu, mbili na nusu, nne, sita, kumi, zote ni milimita za mraba. Kwa desturi moja na nusu ni ya taa, mbili na nusu ni ya soketi, nne au sita ni ya jiko na hita za maji. Wenye nyumba wengi hudhani namba hizi ni madaraja ya ubora, kama vile mchele daraja la kwanza na la pili. Sivyo. Ni kiasi cha metali, na kiasi hicho ndicho kinachoamua joto.

Chukua shawa ya umeme ya wati 5,500, ambayo siku hizi imejaa mijini. Kwa umeme wa volti 230 inavuta karibu amp 24. Tuseme kutoka kwenye sakiti breka hadi bafuni ni mita 15, maana yake umeme unasafiri mita 30, kwenda na kurudi. Ukitumia waya wa nne, nyaya hizo zitapoteza karibu wati 80 kama joto. Ukitumia wa mbili na nusu, joto linafika karibu wati 130. Ukitumia wa moja na nusu, linapita wati 200, na hapo umeshavuka uwezo wa waya wenyewe, kwa kuwa moja na nusu iliyopitishwa kwenye bomba ndani ya ukuta haitakiwi kubeba zaidi ya amp 17 hivi. Joto hilo halina pa kwenda. Limefungiwa ndani ya bomba, ndani ya plasta, na ganda la kawaida la plastiki limeandaliwa kuvumilia nyuzi 70 za Selsiasi tu. Halitawaka siku ya kwanza. Litakauka, litakuwa gumu, litapasuka, na siku moja nyaya mbili zitagusana. Gazeti litaandika kwamba chanzo cha moto ni hitilafu ya umeme.

Hesabu yake ina ukatili mmoja ambao mafundi wazoefu wanaujua hata kama hawajawahi kuuandika: mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ndiyo sababu nyumba iliyokaa miaka kumi salama na taa, redio na pasi huanza kunuka plastiki mara tu baada ya kununuliwa jiko la umeme. Nyaya ni zile zile, kazi ndiyo iliyobadilika.

Hapa ndipo udanganyifu unapopata nafasi. Bei ya rola ya waya ni bei ya shaba iliyomo, pamoja na plastiki, ujira na faida. Anayetaka kuuza rahisi kuliko mwenzake hana sehemu nyingine ya kupunguza isipokuwa shaba. Njia ya kwanza ni kupunguza unene: gandani pameandikwa 2.5, ndani mna moja na nusu iliyovikwa plastiki nene ili ionekane imeshiba. Njia ya pili ni kupunguza urefu, rola ya mita 100 ikawa ya 85. Ya tatu, ambayo mimi naiona mbaya kuliko zote, ni alumini iliyopakwa shaba. Uzi wake kwa nje ni mwekundu, mzuri, laini. Ukiukwangua kwa wembe unatoka mweupe. Waya wa namna hiyo una kazi zake halali, kwa mfano katika nyaya za antena, ambako umeme wa masafa ya juu hupita kwenye ngozi ya waya tu. Kuupeleka kwenye soketi ya jiko kwa jina la shaba ni wizi, na mwisho wake unaweza kuwa kifo.

Mnunuzi hajui. Fundi mara nyingi anajua. Tanzania tuna jina la wale wanaojifanya mafundi wa shirika la umeme bila kuwa na leseni, tunawaita vishoka, na ni rahisi kuwabebesha lawama zote. Lakini hata fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA, au EPRA kwa upande wa Kenya, hufika kwenye nyumba akakuta mwenye nyumba ameshanunua nyaya mwenyewe kwa kuangalia bei. Akizikataa, ataitwa mwenzake kesho yake. Mashirika ya viwango ya nchi hizi mbili, TBS na KEBS, yana viwango vya nyaya, na vinafuata vile vya kimataifa. Kasoro haipo kwenye karatasi. Kasoro ni kwamba kiwango hupimwa maabara, ilhali waya hununuliwa kaunta.

Tukitoka nje ya nyumba, mambo yanageuka. Nyaya zinazoning'inia juu ya nguzo ni za alumini, na wala hakuna udanganyifu. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba yenye unene ule ule, lakini uzito wake haufiki theluthi ya ule wa shaba. Kilo moja ya alumini hubeba umeme karibu mara mbili ya kilo moja ya shaba, tena kwa bei ndogo zaidi. Kwenye njia ya kilomita mamia, uzito ndio unaoamua minara iwe mingapi na imara kiasi gani. Udhaifu wa alumini ni kuvutika, hivyo katikati ya waya huwekwa nyuzi ngumu za chuma kilichopakwa zinki, na alumini ikazungushwa pembeni. Chuma kinabeba uzito, alumini inabeba umeme.

Njia ya umeme ya Inga–Shaba nchini Kongo ni mfano ninaoupenda kwa kejeli yake. Ilikamilika mwaka 1982, urefu wake ni kilomita 1,700 hivi, kutoka mabwawa ya Inga karibu na Bahari ya Atlantiki hadi Kolwezi. Ilijengwa ili kupeleka umeme kwenye migodi ya shaba ya Katanga, na njia ndefu za angani kama hiyo hazitundikwi shaba. Migodi ile ile imeifanya Kongo leo kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa shaba duniani, huku vijiji vingi chini ya njia hiyo vikiendelea kuwasha vibatari. Umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, sawa na ule wa njia mpya ya kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, hadi Suswa, Kenya, yenye kilomita zaidi ya 1,000 na volti 500,000. Volti kubwa namna hiyo zina sababu ile ile ya shawa yetu: ukipandisha volti mara kumi, mkondo unashuka mara kumi, na joto linalopotea njiani linashuka mara mia.

Kwa nini basi tusiweke alumini hata majumbani? Marekani walijaribu. Katikati ya miaka ya 1960 bei ya shaba ilipanda, na kwa miaka kadhaa nyumba nyingi zilifungwa nyaya za alumini. Nyaya zenyewe hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwenye skrubu. Alumini ikiguswa na hewa hufanya utando mwembamba usiopitisha umeme. Ikipata joto hutanuka kuliko shaba, ikipoa husinyaa, na kila mara skrubu inalegea kidogo. Kiungo kilicholegea kina upinzani, upinzani unaleta joto, joto linalegeza zaidi. Tume ya usalama wa bidhaa ya nchi hiyo ilitangaza kwamba nyumba zilizofungwa alumini kabla ya 1972 zilikuwa na uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na kiungo kilichofikia hali ya kuleta moto, zikilinganishwa na zile za shaba. Somo hilo linatugusa moja kwa moja, kwa sababu umeme wetu huja kutoka nguzoni kwa alumini na kuingia ndani kwa shaba. Mahali zinapokutana panahitaji kiungio maalumu cha metali hizo mbili. Kuzisokota pamoja kwa koleo na kuzifunga utepe mweusi ni kuzitia kutu, hasa Tanga, Mombasa au Unguja, kwenye hewa ya chumvi. Umeme unaofifia mvua ikinyesha mara nyingi unaanzia hapo, wala hauna uhusiano na mgao.

Sasa wizi. Alumini na chuma havimvutii mwizi kama shaba, lakini navyo huibwa. Tarehe 11 Januari 2022 karibu Kenya nzima iliingia gizani baada ya minara ya njia ya Kiambere–Embakasi kuanguka, na lawama ziliwaangukia waliong'oa vyuma vya minara hiyo. Katika mwezi huo huo Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini, marufuku iliyoondolewa baadaye mwaka huo. Kabla yake simu za mezani zilikuwa zimekwishaonja wizi huo. Nyaya zake za shaba ziliibwa, zikarudishwa, zikaibwa tena, mpaka kampuni zikaona ni heri kumpa mteja simu isiyo na waya. Transfoma huvunjwa kwa ajili ya shaba iliyosukwa ndani, na mafuta yake nayo yana soko. Reli ya umeme ya Tanzania ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, taarifa za wizi wa nyaya zake hazikuchelewa.

Wizi mdogo usioandikwa magazetini ndio unaonitisha zaidi, ule wa waya wa ethi. Ni kipande kifupi cha shaba kinachoshuka kutoka kwenye transfoma au ukutani kwenda ardhini. Ukikikata, taa hazizimiki, mita inaendelea kusoma, na hakuna anayekwenda kuripoti. Siku friji itakapopata hitilafu na bodi lake likaingia umeme, ule umeme uliopaswa kukimbilia ardhini utamngoja mtu aje kushika mlango akiwa peku.

Kupiga marufuku chakavu ni kumwadhibu na fundi anayeyeyusha alumini kutengeneza sufuria. Mimi naona afadhali kumbana mnunuzi. Shaba iliyochomwa moto kuondoa ganda haifanani na chakavu cha karakana, na mwenye mizani anaijua akiiona. Akilazimika kuandika jina na namba ya kitambulisho cha aliyemuuzia, kilo tatu za waya uliochomwa zitakosa pa kwenda.

Baharini waya una habari nyingine. Kebo ya kwanza ya telegrafu ilifika Unguja mwaka 1879, ikitoka Aden na kuendelea Msumbiji hadi Durban. Vita vya Wazulu vya mwaka huo, ambavyo habari zake zilichukua wiki kadhaa kufika London, viliharakisha kazi. Karne moja baadaye, 1980, Unguja iliunganishwa na umeme wa Bara kwa kebo ya baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kebo za namna hii ukizikata unakuta kazi zote za waya mahali pamoja: shaba katikati ya kubeba umeme, kizio kinene kuizunguka, kinga ya kuzuia maji, na nje kabisa safu ya nyaya za chuma za kuikinga na nanga na miamba.

Kwa karibu miaka 30 kisiwa kizima kilitegemea njia hiyo moja. Mei 2008 ilipata hitilafu, Unguja ikakaa gizani kama mwezi mmoja. Desemba 2009 ikakatika tena, na safari hii umeme ulirudi Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, barafu ya samaki ikaadimika, na ngurumo za jenereta zikawa sauti ya Darajani na Mlandege mchana kutwa. Kebo ya pili, yenye uwezo wa megawati 100, ilizinduliwa mwaka 2013, wakati Pemba ilikuwa imeshapata yake kutoka Tanga mwaka 2010. Tatizo la ile ya kwanza halikuwa ubovu tu. Ilikuwa peke yake, tena mahitaji ya kisiwa yalikuwa yameipita. Kosa la kutegemea njia chache tulilirudia kwa kiasi fulani kwenye intaneti. Mei 12, 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika karibu na Afrika Kusini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Wengi hudhani kebo za intaneti zimeachana na metali kwa kuwa taarifa hupita kwenye nyuzi za kioo. Ndani yake mna shaba bado, inayopeleka umeme wa maelfu ya volti kwenye vikuza mawimbi vilivyopangwa chini ya bahari.

Nyaya za chuma nazitaja kwa haraka, si kwa kuzidharau. Bila waya wa kufungia nondo hakuna ghorofa, bila waya wa breki hakuna baiskeli inayoshuka Lushoto salama, na seng'enge, iliyopewa hataza na Joseph Glidden wa Illinois mwaka 1874, ndiyo iliyochora mipaka ya mashamba ya walowezi Kenya. Chuma kina nguvu na bei yake ni ndogo. Kazi yake ni kuvuta na kuzuia. Upande wake wa giza uko Serengeti, ambako waya unaotolewa kwenye matairi yaliyochomwa hutengenezwa mitego ya nyumbu, na mitego hiyo haichagui, hunasa hata simba au tembo.

Nirudi kwa mnunuzi, maana yeye ndiye anayelipa. Upo upimaji mmoja usiohitaji maabara. Shaba ina uzito unaojulikana, hivyo rola ya mita 100 ya waya mmoja mmoja wa 2.5 inatakiwa iwe na shaba ya kilo 2.24. Ya moja na nusu ni kilo 1.34, ya nne ni kilo 3.58, ya sita ni kilo 5.38. Kwa kuwa viwango vya kimataifa hupima upinzani, kiwanda chenye shaba safi kinaweza kushuka kidogo, rola ya 2.5 ikawa na kilo 2.1 hivi, na bado kikawa halali. Chini ya hapo hakuna maelezo. Ongeza uzito wa ganda, na rola nzima ya 2.5 kwa kawaida hukaribia au hupita kilo tatu. Ikiwa ni alumini iliyopakwa shaba, metali iliyomo haifiki hata kilo moja, na mkono wenyewe utakuambia.

Mizani ya kupimia uzito huo ipo kila duka la nafaka. Ningependa mashirika ya viwango yalazimishe kila rola iandikwe uzito wa metali iliyomo, kama mfuko wa saruji unavyoandikwa kilo 50. Ni kazi ya wino tu. Mpaka hilo litakapofanyika, ukienda kununua nyaya za nyumba beba mizani ya mkononi, omba kukwangua ncha ya waya kwa wembe, na muuzaji akikukatalia yote mawili, nenda duka la pili.